UZI: Kuchagua klasi ya mhusika na kazi yake vitani kwenye D&D. Tuache kumlazimisha aliyechelewa kuwa mganga

#1 MrushaDadu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kuna jambo naliona karibu kila meza mpya ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, iwe meza ya sebuleni au ya mtandaoni. Watu wanachagua wahusika na klasi zao, yaani aina ya kila mhusika. Wa kwanza anachukua mpiganaji mwenye panga la mikono miwili, wa pili mjanja mwenye majambia, wa tatu mchawi. Anakuja wa nne, kachelewa kwa sababu ya foleni, anaambiwa: "Wewe basi uwe kasisi, hatuna mganga." Hakuulizwa anapenda nini. Vikao vichache baadaye mtu huyo anaanza kutoa udhuru, leo mgeni, kesho kazi nyingi, na kundi linakufa taratibu.

Utaratibu huo unaua meza nzuri, na kwa toleo la 5 la mchezo, lililotoka 2014, hauna msingi kwenye kanuni. Ngoja niuonyeshe kwa namba.

Natumia kanuni za 2014, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye waraka wa bure uliowekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Humo kuna klasi zote 12, kila moja na tawi moja (utaalamu ndani ya klasi), kwa hiyo hakuna anayelazimika kununua kitabu ili afuatilie. Za 2024, zilizorekebishwa, tutazigusa wadau wakiuliza.

Mazoea haya yana historia. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu 1974 klasi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa 1975 kwenye kitabu cha nyongeza, Greyhawk. Enzi hizo majeraha yalipona polepole mno, na kundi lisilo na kasisi lilikuwa mashakani kweli. Toleo la 4, mwaka 2008, likaenda mbali zaidi na kuchapa kazi nne za vitani kitabuni: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi, mdhibiti. Toleo la 5 likayaondoa majina hayo 2014. Sisi wachezaji tukabaki nayo kichwani, tukachanganya na michezo ya kompyuta ambako mmoja anapigwa, mmoja anatibu na waliobaki wanaua.

Sasa tazama zimwi. Lina uhai 59 (kiasi cha majeraha linachobeba) na kinga 11 (namba ya kufikia kwa dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza zako ili ulipate). Rungu lake ni dadu 2 za pande 8 jumlisha 4, wastani 13 kwa pigo. Kasisi mwenye Hekima 16 (nyongeza yake 3) akitumia uchawi wa Kuponya Majeraha wa ngazi ya kwanza anarudisha dadu 1 ya pande 8 jumlisha 3, wastani 7 na nusu. Hata yule wa tawi la Uhai, lililotengenezwa mahsusi kwa tiba, anaongezewa 3 tu, anafika 10 na nusu. Pigo moja linazidi tiba moja, na tiba hiyo imekula tendo zima la kasisi. Akiwa leveli ya 3 ana nafasi 4 za kutumia uchawi wa ngazi ya kwanza na 2 za ngazi ya pili, basi, hadi alale. Huwezi kushindana na rungu kwa bandeji.

Mpe kasisi huyohuyo uchawi wa Baraka. Nafasi moja tu ya ngazi ya kwanza, watu watatu, na kila mmoja anaongeza dadu ya pande 4 kwenye kila shambulio na kila jaribio la kujinusuru, kwa dakika nzima, yaani raundi 10, ilimradi kasisi asipoteze umakini. Watatu hao wakigonga zaidi, zimwi linaanguka mapema, na kila raundi iliyopungua ni rungu ambalo halikushuka kwenye kichwa cha mtu. Hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Tiba ya moja kwa moja ina mahali pake pamoja pakubwa: kumwinua aliyeanguka. Mhusika akifika uhai 0 anarusha dadu ya pande 20 kila zamu yake. 10 kwenda juu amefaulu, chini ya hapo amefeli. Mafanikio matatu, ametulia. Makosa matatu, amekufa. Hapo ndipo Neno la Uponyaji linapong'aa: ni tendo la ziada, linafika futi 60, dadu 1 ya pande 4 jumlisha 3. Kidogo? Ndiyo. Lakini mtu aliyekuwa chini anasimama, na mwenye uhai 4 anapiga kwa nguvu ileile ya mwenye uhai 40. Kasisi bado ana tendo lake kuu la kupiga kirungu au kumchoma adui kwa Mwali Mtakatifu.

Na si kasisi peke yake mwenye uchawi huo. Manju (mchawi wa nyimbo) anao, druidi (mchawi wa asili anayeweza kugeuka mnyama) anao. Paladini (shujaa wa upanga na kiapo) ana akiba ya tiba ya mikono, leveli yake mara 5. Sanduku la huduma ya kwanza ni vipande 5 vya dhahabu, linatumika mara 10 kumtuliza aliyeanguka bila hata kurusha dadu. Chupa ya dawa ni vipande 50, inarudisha dadu 2 za pande 4 jumlisha 2, na anaweza kuishika yeyote. Mkipumzika saa moja kila mtu anajirudishia uhai kwa dadu zake mwenyewe.

Kwa hiyo kundi linahitaji mtu mmoja, pengine wawili, wenye njia ya kumwinua mwenzao. Halihitaji mtu ambaye kazi yake yote ni kutibu.

Sasa unachaguaje? Mimi nikimsaidia mgeni simuulizi anataka klasi gani, maana hazijui. Namuuliza anataka kusimama wapi, na zamu ya kawaida anataka kufanya nini.

Kusimama wapi ni suala la uhai na kinga. Mpiganaji wa leveli ya 1 akivaa deraya ya minyororo na kushika ngao ana kinga 18. Gobilini, adui mdogo wa kawaida, anaongeza 4 kwenye shambulio, kwa hiyo lazima apate 14 kwenda juu: namba 7 kati ya 20. Mchawi wa kitabu bila deraya, mwenye Wepesi 14, ana kinga 12. Gobilini huyohuyo anampata kwa namba 13 kati ya 20. Mchawi huyo ana uhai 8 akiwa na Ustahimilivu 14, na jambia la gobilini ni wastani 5 na nusu. Mapigo mawili, yuko chini. Ukipenda kuwa katikati ya vumbi usichukue mchawi wa kitabu ukitumaini utazoea.

Zamu ya kawaida ndiyo watu wanaisahau kabisa. Wanachagua kwa kusoma kile kitu kikubwa cha leveli ya juu, mpira wa moto wa dadu 8 za pande 6, wakati mpira huo unapatikana leveli ya 5 na hapo nafasi zake ni mbili kwa siku. Je, zamu nyingine zote? Mjanja kila zamu ana fumbo dogo la kutatua: nampataje adui aliyebanwa na mwenzangu, ili shambulio langu la kuvizia lihesabike? Mpiganaji anasogea na kupiga, na leveli ya 2 anapata tendo la pili mara moja kati ya mapumziko. Mchawi wa mkataba (aliyepata nguvu kwa makubaliano na kiumbe mkubwa) anarusha mwonzi wake wa dadu ya pande 10 kutoka futi 120 zamu baada ya zamu, na nafasi zake chache za uchawi zinarudi akipumzika saa moja tu. Babariani anapandisha hasira, silaha za kawaida zinamuumiza nusu, anapiga. Mchawi wa kitabu anasoma orodha ndefu na kuamua. Kama orodha ndefu inakuchosha, hilo ni jibu tayari.

Karibuni tujadili.

---

#2 BintiTanga

Asante sana mkuu. Hapo kwa aliyechelewa umenigusa, maana ndiye mimi. Nimepewa kasisi, tunaanza mwezi ujao. Moyo wangu uko kwenye upinde. Nataka kukaa mbali, nilenge, nione mtu anaanguka. Nikiwaambia wenzangu wanasema kundi litakufa. Nichague nini, na niwajibuje?

---

#3 MrushaDadu

Dada, una njia tatu, na zinatofautiana zaidi ya watu wanavyodhani.

Mpiganaji mwenye mtindo wa upinde anaongeza 2 kwenye kila shambulio la mshale tangu leveli ya 1. Upinde mrefu unafika futi 150 bila tabu, hadi 600 kwa tabu. Leveli ya 5 anarusha mishale miwili kwa tendo moja. Kama "nilenge, aanguke" ndiyo raha yako yote, ni huyu.

Renja anapata mtindo huohuo leveli ya 2 pamoja na uchawi kidogo. Alama ya Mwindaji inaongeza dadu ya pande 6 kila ukimpata uliyemlenga, na tawi la Mwindaji leveli ya 3 linaweza kukupa dadu ya pande 8 zaidi, mara moja kwa zamu, kwa adui aliyekwisha jeruhiwa. Ana pia nyayo, misitu, wanyama. Na akitaka anaweza kujifunza Kuponya Majeraha.

Mjanja ana upinde mfupi, futi 80, mshale mmoja mzito kwa zamu. Leveli ya 2 anaweza kujificha kwa tendo la ziada: anajificha, anapiga kutoka mafichoni kwa dadu mbili za pande 20 akichukua kubwa, anajificha tena. Huyu ni wa mtu anayependa kona na vivuli.

Kuhusu wenzako, uliza swali moja: nani kati yenu ana Neno la Uponyaji? Kama hakuna, muone kama yuko anayeweza kuridhika kuwa druidi au manju badala ya alichochagua. Akikosekana, kila mtu anunue chupa yake ya dawa mkipata dhahabu ya kwanza, na sanduku la huduma ya kwanza libebwe na wawili, si mmoja. Akianguka aliyebeba peke yake mtajuta.

---

#4 KitiChaMsimamizi

Mkuu MrushaDadu, uzi mzuri ila hapa napinga. Mimi ni msimamizi wa meza, yaani ninayeendesha mchezo na maadui. Nimeona kundi la wachawi watatu na mjanja mmoja likiisha kwenye chumba cha kwanza chenye gobilini sita. Kila mmoja alichagua anachopenda, hakuna aliyesimama mbele. Ukiwaambia wageni "chagueni mnachopenda" unawapeleka kaburini. Zile kazi nne za toleo la 4 zilikuwa na maana: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi, mdhibiti. Mimi bado nazidai mezani kwangu.

---

#5 MrushaDadu

Mkuu, kwa mtu wa mbele nakubaliana nawe kabisa. Katika zote nne, hiyo ndiyo kazi ambayo ikikosekana leveli ya 1 hadi ya 3 kundi linaumia haraka. Tofauti yetu ni kwenye namna ya kuijaza.

Kwanza, toleo la 5 halimpi mpiganaji nguvu ya kumlazimisha adui ampige yeye. Gobilini mwenye akili anampita na kwenda kwa mchawi. Mpiganaji ana shambulio moja la kujibu kwa raundi, akishalitumia wengine wanapita bure. Kwa hiyo kumpa mtu jina la "mlinzi" hakulindi chochote. Kinacholinda ni mahali. Mlango wenye upana wa futi 5 ukijazwa na mtu mwenye kinga 18 ni ukuta. Mtu huyohuyo katikati ya ukumbi ni nguzo tu, watu wanaizunguka. Mtindo wa Ulinzi unamwezesha mwenye ngao kumharibia adui shambulio dhidi ya rafiki aliye futi 5 kutoka kwake, lakini mchawi akisimama futi 30 nyuma mtindo huo haufanyi kazi. Na watu wanasahau kukaba: mpiganaji mwenye Nguvu 16 aliyesomea riadha anaongeza 5, zimwi linaongeza 4 tu. Likikabwa mwendo wake ni sifuri, haliendi kwa mchawi. Inahitaji mkono mmoja mtupu, kwa hiyo ngao au silaha iwekwe chini.

Pili, wale wachawi wako watatu. Uchawi wa Usingizi leveli ya 1 unarusha dadu 5 za pande 8, wastani 22 na nusu. Gobilini ana uhai 7. Wachawi wawili wakiutumia raundi ya kwanza, gobilini kama sita wanalala. Ila unaanza na mwenye uhai mdogo ndani ya eneo lake, awe adui au rafiki, kwa hiyo mjanja akikimbilia mbele kabla na kujeruhiwa, naye anaweza kulala. Kama kila mmoja wa wachawi hao alichukua uchawi wa kuunguza, nakuelewa kwa nini waliisha. Kilichokosekana hapo ni mazungumzo ya dakika kumi kabla ya mchezo: wewe unazuia, mimi naunguza, yeye anainua aliyeanguka.

Ndiyo maana nasema klasi ni ya mchezaji, kazi ni ya kundi. Kazi mnagawana baada ya kila mtu kuchagua, kwa kubadilisha silaha, uchawi na mahali pa kusimama. Kasisi mwenye deraya na ngao anajaza mlango vizuri tu. Druidi akigeuka mbwa mwitu leveli ya 2 ana uhai mwingine 11 juu ya wake.

---

#6 KitiChaMsimamizi

Hapo kwenye mazungumzo ya kabla ya mchezo nimekuelewa. Tatizo ni kwamba wageni hawajui uchawi upi unazuia na upi unaunguza, na msimamizi akiwapangia wanahisi wamechaguliwa. Labda tuwe tunawapa orodha fupi, chache za kuzuia, chache za kupiga, wachague humo. Nitalijaribu kwa kundi langu linalofuata.

---

#7 MkimbizaMbuzi

Boss, sisi tuko wawili tu na msimamizi. Mimi napenda mjanja, mwenzangu hajaamua. Na mtawa je? Naona kila mtu anamkwepa.

---

#8 MrushaDadu

Mtawa: ana kasi, anapiga mikono mingi, leveli ya 5 anaweza kumduwaza adui. Lakini anahitaji Wepesi na Hekima zote ziwe juu, na Ustahimilivu haufai kusahaulika. Ukigawa 15, 14, 13, 12, 10, 8 utaona zinavyobana. Kazi yake ni kuruka mstari wa mbele na kumsumbua mpiga mishale au mchawi wa adui. Akisimama kama mpiganaji anaanguka.

Kwa watu wawili, mjanja wako ana tatizo moja kubwa. Shambulio la kuvizia linahitaji mwenzako awe futi 5 kutoka kwa adui, au uwe na sababu ya kurusha dadu mbili. Mwenzako akiwa mchawi wa nyuma utakuwa unajificha kila zamu, na pale pasipo na pa kujificha huna chako. Mwambie afikirie druidi. Akigeuka mbwa mwitu yuko usoni pa adui, kwa hiyo kuvizia kwako kunahesabika. Mbwa mwitu akiuma anaweza kumwangusha adui chini, na aliye chini wewe wa karibu unampiga kwa dadu mbili ukichukua kubwa. Uhai wa mnyama ukiisha anarudi mtu, na bado ana Neno la Uponyaji kama alijiandaa nalo. Paladini ni chaguo jingine zuri: deraya nzito, tiba ya mikono, panga.

Na mwambieni msimamizi apunguze idadi ya maadui. Wawili dhidi ya gobilini sita ni matendo sita dhidi ya mawili kila raundi. Hakuna klasi inayotibu hesabu hiyo.

---

#9 Fundi_wa_Kete

Wakuu, meza yetu inatumia kanuni za 2024. Humo Kuponya Majeraha ni dadu 2 za pande 8, na Neno la Uponyaji ni dadu 2 za pande 4. Je, hoja ya MrushaDadu bado inasimama?

---

#10 MrushaDadu

Swali zuri. Kwa Hekima 16, Kuponya Majeraha sasa ni wastani 12, dhidi ya pigo la 13. Kwa hiyo tiba ya katikati ya vita si upotevu tena kama zamani, na mtu anayependa kwa dhati kuwa mganga amepata haki yake. Nimefurahi kwa ajili yao, maana wapo, na ni wachezaji wazuri sana.

Lakini zimwi halitumii nafasi za uchawi, kasisi anatumia. Na kanuni hizohizo zimeruhusu kunywa chupa ya dawa kwa tendo la ziada, kwa hiyo kila mhusika amekuwa mganga zaidi wa nafsi yake. Hoja ya kutomlazimisha mtu imepata nguvu zaidi.

Jambo jingine la 2024: matawi yote yanachaguliwa leveli ya 3. Mgeni ana leveli mbili nzima za kuonja klasi kabla ya kujifunga. Msimamizi mwenye roho nzuri amruhusu abadilishe klasi nzima katika kipindi hicho bila maswali.

---

#11 BintiTanga

Nimerudi na mrejesho. Nimekaa na wenzangu, nikawauliza lile swali la nani ana Neno la Uponyaji. Kumbe aliyechukua mchawi hakuwa ameshikilia sana, alitaka tu "kitu chenye uchawi na maneno mengi". Amekuwa manju na amefurahi kuliko mwanzo. Mimi nimechukua renja. Sasa limezuka jingine: mwenzetu wa panga naye anataka renja. Wawili wa klasi moja inafaa?

---

#12 MrushaDadu

Inafaa kabisa, dada. Wewe uchukue mtindo wa upinde, yeye wa mapanga mawili au wa kujikinga. Wewe Wepesi 15 na Hekima 14. Yeye ajiulize kama Nguvu inamfaa zaidi, maana ndiye atakayekaba na kujaza mlango. Uchawi mnaoujua ni mchache, mbili leveli ya 2 na tatu leveli ya 3, kwa hiyo msifanane: nyote mtataka Alama ya Mwindaji, sawa, lakini cha pili mmoja achukue Kuponya Majeraha na mwingine Wingu la Ukungu. Halafu mkubaliane mapema nani anamwekea alama adui yupi. Alama mbili juu ya mmoja zinafaa zimwi. Kwa gobilini ni hasara, anakufa kabla ya alama ya pili kutumika.